Jicho la kwenye noti ya dola

Wapo wanaodai kwamba jicho juu ya piramidi kwenye noti ya dola 1 ya Marekani ni kazi ya Freemason (mwanachama wa udugu wenye siri zake), na kwamba maneno yaliyo chini ya piramidi yanatangaza serikali moja ya dunia. Hapana, lile jicho halikubuniwa na Freemason, na maneno hayo, "Novus ordo seclorum", si "serikali moja ya dunia". Ni Kilatini, "mpangilio mpya wa zama", maneno yaliyotoholewa kwenye shairi la Virgil wa Roma ya kale. Jicho lenyewe ni Mungu anayeona yote. Wachoraji wa Kikristo Ulaya walilitumia kabla Marekani haijazaliwa.

Chukua noti uitazame kwa karibu. Chini kabisa ya piramidi pana MDCCLXXVI, yaani 1776, mwaka wa kutangaza uhuru. Hesabu ngazi: 13, kama makoloni 13 yaliyoungana. Mchoro huo ni upande wa nyuma wa muhuri wa taifa uliopitishwa 1782, ukaja kuwekwa kwenye noti 1935.

Ni kweli Benjamin Franklin alikuwa Freemason na alikaa kwenye kamati ya kwanza ya muhuri. Lakini yeye alipendekeza Musa akinyoosha mkono juu ya Bahari ya Shamu ili imfunike Farao! Jicho lililetwa na msanii wao, du Simitière, ambaye hajulikani kuwa Freemason.