CD zangu nitupe?

SWALI: Habari za kazi fundi. Juzi nimebadilisha gari, la zamani lilikuwa linameza CD vizuri tu, hili halina hata tundu, kuna USB na Bluetooth basi. Nina CD kama 60 za kwaya na bendi. Nifanyeje? Msomaji, Makambako

JIBU: Usitupe ndugu yangu! Tafuta kompyuta yenye sehemu ya CD, zile za zamani za stationery mara nyingi zinayo, zihamishe kuwa MP3 kwa programu ya Windows Media Player, weka ubora wa sauti 320 kbps. CD ya dakika 80 haizidi MB 200 hivi, kwahiyo zote 60 zinaenea kwenye flashi ya GB 16. Ila usikopi CD kama ilivyo, utapata vifaili vya .cda ambavyo ndani havina mziki, mimi yalinikuta, nikapanda mlima Kitonga wote redio kimya. Alafu flashi iformatiwe kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 kabla hujaweka nyimbo maana kuformati kunafuta kila kitu, redio nyingi za gari hazisomi mfumo mwingine wa NTFS watu wanadhani flashi mbovu. Bluetooth nayo poa, ila kama unastrimu mtandao ukikata pambio linaishia katikati.