Mbona Mrusi na Mpolandi hawaandiki kwa herufi moja?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Warusi, Wabulgaria na Wapolandi wote ni Waslavi na lugha zao zinakaribiana, sasa mbona Mpolandi anaandika a b c kama sisi ila Mrusi ana herufi zake? Na ni kweli alizitunga Mtakatifu Cyril?

JIBU: Nzuri sana ndugu msomaji. Kwa kifupi, aliyekubatiza ndiye aliyekupa herufi. Mtawala Mieszko wa Poland alibatizwa 966 upande wa Roma, wakaingia kwenye Kilatini na a b c zake. Boris wa Bulgaria miaka ya 860 na Vladimir wa Kiev (dola la mababu wa Warusi na Waukraine) mwaka 988, watawala hao wao walibatizwa kwa Wagiriki wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo.

Sasa hapo kwa Cyril ndo watu wengi wanachanganya. Yeye na kaka yake Methodius walikuwa wa Thesalonike, mji uleule wa zile barua za Paulo, na Waslavi walikuwa wamejaa pembeni ya mji kwa hiyo lugha yao waliijua vizuri tu. Mwaka 863 hivi Kaisari Michael III wa Konstantinopoli akawatuma Moravia, upande wa Czech ya leo, maana mtawala wa kule, Rastislav, aliomba walimu wanaojua lugha ya watu wake. Cyril akatunga herufi kweli, ila siyo hizi za Warusi! Zake zinaitwa Glagolitiki, zimejaa viduara na pembetatu, ukiziona utadhani mtoto anachora miwani.

Methodius akafa 885, wanafunzi wake wakafukuzwa Moravia, Boris akawapokea Bulgaria, na ni huko Bulgaria zikazaliwa hizi tunazoita za Kisirili, yaani jina tu ni heshima kwa mwalimu wao Cyril. Nyingi ni za Kigiriki kabisa, mfano Ф, halafu zikaongezwa za sauti ambazo Mgiriki hana, kama Ш ambayo ni "sh" ya shamba, hiyo inatoka kwenye Glagolitiki.

Kiev wakazipata zikiwa tayari, pamoja na vitabu vya ibada. Vladimir alioa Anna, dada wa Kaisari Basil II (mimi naona ndoa hiyo ilimvuta kuliko mahubiri), akaamuru sanamu ya mungu Perun ifungwe mkiani mwa farasi, iburutwe mpaka mto Dnieper huku wanaume 12 wakiichapa fimbo. Ila Wagiriki hawakuacha kila kitu kwa wenyeji: ingia kanisa la Mtakatifu Sofia pale Kiev, mozaiki (picha ya vijiwe vya rangi) kubwa ya Bikira Maria ya karne ya 11 bado ipo, na maandishi juu yake ni Kigiriki.