Kukanda unga wa skonzi kwa mashine ya mkate: mambo ya kuyajua mapema

Kwa yeyote anayeanza kutumia mashine ya mkate hapa Unguja, neno langu la kwanza ni kwamba kijitabu kinachokuja nayo kimeandikwa kwa watu wenye majiko baridi. Changu kiliniagiza nitumie maji ya uvuguvugu, nami nikatii, alasiri moja ya Ramadhani, wakati jua la Kaskazi limekwisha kuipasha nyumba nzima. Nilipofungua mfuniko baada ya saa moja na nusu, unga ulikuwa umeumuka hadi ukagota juu, kisha ukabonyea katikati, na harufu yake ilikuwa ya chachu kali. Skonzi za futari siku ile zilitoka bapa, na wageni wakazila kwa adabu.

Baadaye nilifahamu kilichotokea. Unga wa hamira hupenda joto la nyuzi 25 hadi 27, lakini mashine yenyewe huongeza joto kwa msuguano wa kukanda, na nyingi kati ya hizo huwasha pia kipasha joto wakati wa kuumua, kwa hiyo ukianza na maji ya uvuguvugu katika jiko lenye nyuzi 30 unakuwa umeupa unga joto mara tatu. Tangu hapo natumia maji ya friji, na siku za joto kali natia vipande viwili vitatu vya barafu ndani ya kipimo hicho hicho cha maji. Hamira nayo nimeipunguza kutoka gramu 7 hadi 5.

Kipimo changu kwa skonzi 12 ni gramu 500 za unga wa ngano, gramu 50 za sukari, gramu 40 za samli, gramu 8 za chumvi, na mililita 300 za maji na tui jepesi nusu kwa nusu, vyote vipimwe kwa mizani na si kwa kikombe, kwa sababu kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa havilingani hata kidogo. Vya majimaji hutangulia chini, unga hufuata, na hamira ya chenga huwekwa juu kabisa katika kishimo kikavu, mbali na chumvi.

Baada ya kuwasha, usiondoke. Dakika ya tano hadi ya nane fungua mfuniko utazame. Hapana ubaya wowote kufungua wakati mashine inakanda. Donge zuri huwa limejikusanya likaacha kuta za chombo safi, na ukiligusa kwa kidole linanata kidogo kisha linaachia. Likiwa limetapakaa chini kama uji mzito, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Likiwa gumu na mashine inagonga, ongeza maji kijiko cha chai. Wakati wa masika unga hunyonya unyevu wa hewa ukiwa bado kabatini, na mimi huzuia mililita 20 za maji hadi nilione donge. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokosea: wanaiamini saa ya mashine kuliko macho yao. Unga ukishafika mara mbili ya ukubwa wake, zima na uutoe, hata kama saa inaonyesha dakika 30 zimebaki.

Kuhusu viungo, iliki tia bila hofu. Mdalasini na karafuu, ambazo kwetu tuna mkono mwepesi nazo, zikizidi huizuia hamira isifanye kazi, kwa hiyo ni bora kuzipaka ndani wakati wa kusokota kuliko kuzikandia humo.

Usitegeshe mashine asubuhi ili ianze yenyewe alasiri ikiwa umetia tui, maziwa au mayai, kwani vitachacha kabla haijaanza. Umeme ukikatika katikati ya kukanda, utoe unga umalizie kwa mkono. Na kama mashine umeletewa kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka: ya volti 120 itaungua papo hapo kwenye umeme wetu wa volti 230.

Ukishautoa unga, ubonyeze hewa itoke, ukate madonge ya gramu 75, uyaviringe na kuyafunika kwa kitambaa kibichi. Kwa joto letu dakika 25 hutosha kuumuka mara ya pili. Katika oveni ya nyuzi 180 huiva kwa dakika 18 hadi 20. Asiye na oveni apalie makaa juu ya mfuniko wa sufuria na kubakisha machache tu chini, kwani moto wa chini ukizidi, skonzi huungua kitako kabla uso haujageuka rangi.