Balbu janja kwenye nyumba ya zamani: kagua holda na swichi kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya mama yako Buruburu: umesema ulinunua balbu janja nne, zile za kuendeshwa kwa simu kupitia waifai, moja haiingii kwenye holda, nyingine inawakawaka hata swichi ikiwa imezimwa, na mbili za mwisho zinapotea kwenye simu kila jioni. Sasa unataka kung'oa taa zote za dari. Subiri kwanza. Nilipitia hayo yote nyumbani kwa Mzee wangu, nyumba ya mawe ya miaka hiyohiyo ya 1970, na karibu kila tatizo lilitoka kwenye holda, waya au swichi. Balbu zilikuwa nzima.

Hiyo isiyoingia ni rahisi. Nyumba zetu za zamani zilifungwa holda za pini, tulizorithi kwa Waingereza, na balbu janja nyingi ni za skrubu. Adapta ya kugeuza utaipata Luthuli Avenue mjini Nairobi, lakini inarefusha balbu hadi ichungulie nje ya kivuli cha taa, na uzito wote unaning'inia kwenye holda iliyochoka. Mimi naona heri kubadilisha holda yenyewe. Zima swichi kuu ya nyumba, si ile ya ukutani peke yake, halafu angalia waya kabla ya kugusa chochote. Holda ya sebuleni kwa Mzee ilikuwa ya bekelaiti ya kahawia, ile plastiki ngumu ya zamani, ikapasuka mkononi mwa fundi. Ndani springi zilikuwa zimelegea na kulikuwa na weusi wa cheche. Mpira uliofunika waya ulikuwa umekauka, unabanduka kama ganda la njugu. Ukikuta hali hiyo, achana na habari ya balbu na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya. Tena umkumbushe kwamba nyumba hizi zina rangi za zamani, nyekundu ndiyo laivu (waya unaoleta stima) na nyeusi ndiyo nyutro (unaoirudisha), huku vyumba vilivyokarabatiwa baadaye vikiwa na kahawia na buluu. Nyumba moja inaweza kuwa na zote mbili.

Hiyo inayowakawaka ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Angalia swichi yake: ikiwa ina kile kitaa kidogo chekundu cha kuonekana gizani, umeme kidogo unapitia hapo na kuichokoza balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 isingeuhisi, lakini hii ya wati 9 inauhisi. Ikiwa ni swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, iondoe uweke ya kawaida, kwa sababu balbu janja inapunguza mwanga yenyewe na hizo mbili hazielewani. Ikiwa si hayo, mwambie fundi aweke testa, ile bisibisi yenye taa ya kupima stima, kwenye holda swichi ikiwa imezimwa. Kwa Mzee testa iliwaka. Aliyefunga stima zamani alikuwa amekata nyutro badala ya laivu, kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tunabadilisha balbu kwenye holda yenye stima tukidhani tumezima. Tafadhali usilipuuze hilo hata kama balbu utairudisha dukani.

Sasa zile mbili zinazopotea jioni. Kabla ya kulaumu intaneti, muulize mama kama anazima swichi ya ukutani asubuhi. Nina hakika anazima. Tumelelewa tukiambiwa zima taa, na siku hizi kila mtu anahesabu tokeni za stima. Balbu janja ikikatiwa stima ukutani imekufa, simu haiwezi kuifikia. Mzee nilimweleza mara tatu, kisha nikaona si haki kumbadilishia mazoea ya miaka arobaini ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilichofanya ni kununua kitufe cha betri kisichotumia waya, nikakibandika kando ya swichi ya korido, na swichi yenyewe nikaifunika isiguswe. Anabonyeza ukutani kama alivyozoea. Vyumba ambavyo hakuna haja nilirudisha balbu za kawaida za LED. Jikoni na chooni kwa mfano, sioni faida yake.

Kuna jambo lingine ambalo hukuuliza. Stima ikipotea usiku na kurudi saa tisa, balbu nyingi huwaka zote kwa mwanga kamili. Ndani ya programu tafuta sehemu ya hali baada ya stima kurudi, uchague ikumbuke ilivyokuwa. Lakini chumba ambacho mama bado anatumia swichi ya ukutani, iache iwake, la sivyo ataiwasha isiwake aseme imeungua. Na stima ikikatika na kurudi mara kadhaa kwa haraka, kuna balbu zinazosahau waifai kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kuzianzisha upya. Zinabaki zikipepesa zikisubiri kuunganishwa.

Kuhusu waifai yenyewe: balbu nyingi zinashika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, si yale ya 5, na kuta za mawe na vivuli vya chuma hupunguza nguvu yake. Sogeza ruta katikati ya nyumba kabla ya kununua kifaa cha kuongeza mawimbi.

Zile taa za gilasi la duara lililofungwa kote usiziwekee balbu hizi, isipokuwa kasha limeandikwa kwamba inaruhusiwa. Kibandiko cha taa kinaweza kusema mwisho wati 60 na wewe una wati 9, ukadhani uko salama. Shida ni kwamba vifaa vya balbu hii viko shingoni, na joto likikosa pa kutokea vinaungua mapema. Yangu ya barazani haikumaliza mwaka.

Kwa Mzee sasa nimebakiza tatu tu. Ya korido inawaka asilimia kumi kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na yeye huenda msalani bila kupapasa ukuta. Hiyo ndiyo sababu nilizinunua.

Fundi akifungua holda ya hiyo balbu inayowakawaka, piga picha ya waya uiweke hapa nione rangi zake.