Mwalimu wa Bahi, hilo ombi la mkopo lisimamishe kwanza

Mwalimu, lisimamishe leo hii. Umeandika kwamba una miaka mitatu kazini huko Bahi, kila Jumatatu unaamka na moyo mzito, mkuu wa shule anakuandama, na unauliza furaha ya kazi inapatikana wapi na maisha mepesi yanaishiwaje. Halafu mwishoni kabisa unagusia kwamba umeshaambiwa unakopesheka milioni 15 kwa miaka saba, kwa hiyo unafikiria kununua gari, uhamie kupanga mtaa wa Kisasa, Dodoma mjini, uwe unakwenda Bahi na kurudi. Hayo ya mwanzo yana dawa. Hilo la mwisho ndilo litakalokufunga mikono usiweze kuitumia dawa yenyewe.

Mimi niko masjala, wizara moja pale Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Kazi ilikuwa imenikinai, bosi anafoka mbele ya watu, jioni nafika nyumbani sina hamu hata ya kuongea na mke wangu. Ndipo mkubwa mmoja kazini, mtu ninayemheshimu, akanikalisha chini: mtumishi asiye na mkopo hana malengo, kopa ununue gari, utaona moyo unavyochangamka. Afisa mikopo akaja mpaka ofisini na tabasamu lake. Baada ya hapo alinipigia simu za salamu mfululizo mpaka mke wangu akauliza huyu dada ni nani. Nikasaini. Gari likaja, na Jumatatu iliyofuata bosi alikuwa palepale, akifoka vilevile.

Sasa sikia hesabu ambayo hakuna aliyenifanyia, na ninaamini wewe pia hujafanyiwa. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Milioni 15 kwa miezi 84 inakukata kama shilingi 289,000 kila mwezi. Kwenye makato ya kwanza, 187,500 ni riba tupu. Ukikaa miaka miwili utakuwa umelipa karibu milioni 7, lakini deni litakuwa limeshuka kwa chini ya milioni 3. Bado unadaiwa zaidi ya milioni 12. Ukimaliza yote umerudisha milioni 24 na ushee. Na hapo sijagusa bima ya mkopo na ada ya kuushughulikia, ambazo mara nyingi hukatwa kabla pesa haijafika mkononi.

Watakwambia usiogope, utaratibu unakulinda, lazima ibaki theluthi moja ya mshahara wa msingi. Ni kweli, ipo. Lakini wanaokopesha wanaichukulia hiyo theluthi kama ndiyo mahali pa kukufikisha, wanakuhesabia mpaka ukingoni. Ondoa kodi, ondoa mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo ondoa asilimia 15 nyingine. Kinachobaki ndicho unataka kukigawa kati ya benki, mafuta ya Kisasa kwenda Bahi, na kodi ya nyumba?

Na hawaishii hapo. Deni likipungua kidogo wanakupigia: njoo ufanye topapu. Maana yake mkopo mpya unalipa ule wa zamani, unapewa kitita kidogo cha juu, na miaka inaanza kuhesabiwa upya kutoka moja. Mimi nilipigiwa wakati gari linadai injini. Nilikubali siku ileile. Yule dada alijua kabisa anachonifanyia, maana kazi yake ni hesabu, na mpaka leo nikikumbuka sauti yake tamu nakasirika.

Lakini pesa siyo kilichoniuma zaidi. Mama yangu yuko Kondoa. Akatokea mtumishi wa huko mwenye kada yangu, anataka kuja Dodoma mjini, tubadilishane vituo. Ndicho nilichokuwa nakililia: kazi ileile, mji mtulivu, jioni niko kwa mama. Nikakaa na karatasi usiku kucha. Wizarani kulikuwa na safari, na posho za safari ndizo zilizokuwa zinatulisha, kwa sababu mshahara ulikuwa umeshaliwa. Kule posho hazikuwepo. Nikamwambia yule ndugu hapana. Akabadilishana na mwingine. Mama aliniuliza mara moja tu, sikuwa na jibu la kumpa, naye hakurudia tena.

Ndiyo maana nakwambia, mwalimu: usiuweke rehani mshahara wa kazi ambayo bado hujaamua kama unaitaka. Amua kwanza. Ukishaamua unabaki, na una kitu cha kujenga kinachoeleweka, nenda kakope, sitakuzuia. Ukikopa huku roho imechoka, unajinyima haki ya kuomba uhamisho, ya kwenda kusoma, hata ya kumwambia mkubwa wako hapana. Anayekuandama akijua huwezi kuondoka, ndiyo kwanza anaongeza.

Kilichonirudishia moyo hakikuniomba hata senti. Nilimwomba mkuu wa kitengo anipe majalada ya wanaokaribia kustaafu, yale ambayo wenzangu wanayakimbia. Mzee anatoka Mpwapwa na bahasha, anatafuta barua ya kupandishwa daraja ya miaka ya tisini, bila hiyo mafao yake hayakai sawa. Unazama kwenye makabati, unatoka nayo, anaishika kwa mikono miwili. Siku hiyo bosi afoke anavyotaka. Na wewe huko shuleni lipo darasa au somo ambalo ukiliingia unasahau saa. Liombe hilo, ulipigie magoti ikibidi.

Gari nililiuza, makato bado yanakatwa. Tumehamia Ihumwa, nikitoka kazini saa tisa na nusu, saa kumi niko nyumbani nakula ugali wa mtama kwa mlenda. Wewe Bahi uko jirani na shule, mchele unatoka mashambani hapohapo, chumba bei yake inabebeka. Wepesi unaoutafuta Kisasa mbona unao tayari?

Fanya hivi. Usiku huu fungua hati yako ya mshahara, funika jina na cheki namba, weka hapa mshahara wa msingi na kila kato. Weka pia riba waliyokutajia na ada zao zote. Nitakupigia hesabu mstari kwa mstari kabla hujabonyeza kitu. Na yule afisa akipiga simu kesho asubuhi, usipokee.