Kuutembelea Mto Thames Jijini London: Maswali na Majibu

Wasomaji wanaojiandaa kwenda London, pamoja na wengine wanaoishi huko, wametuandikia kuhusu Mto Thames. Karibu kila jibu lililo hapa chini linategemea jambo moja ambalo watalii wengi hawaelezwi mapema: ndani ya jiji, mto huu hujaa na kupwa.

Asubuhi nilipita karibu na daraja la Waterloo nikakuta ufukwe wa mchanga na kokoto. Niliporudi alasiri maji yalikuwa yanagonga ukuta. Je, kuna bwawa linalofunguliwa huko juu? (Msomaji, Tanga)

Hakuna bwawa, ndugu yetu. Uliyoyaona ni maji ya Bahari ya Kaskazini, ambayo huusukuma mto kurudi nyuma hadi Teddington, magharibi mwa jiji. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katikati ya London inaweza kufikia mita 7, ilhali kwenu Tanga bamvua kubwa hukaribia mita 4 tu. Kwa kuwa wewe ni mtu wa pwani, hesabu unaijua: maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mamlaka ya Bandari ya London hutoa jedwali la saa za maji, nami ningekushauri ulitazame kabla hata ya kutazama ramani. Maji yakijaa, hasa jioni, taa za majengo huonekana vizuri juu ya mto. Yakipwa, hujitokeza ngazi za mawe zilizoota mwani na nguzo za magati ya zamani, na kwa maoni yangu huo ndio uso wa mto unaovutia zaidi. Nguvu hiyo hiyo ya bahari ndiyo iliyosababisha lijengwe lango la kuzuia mafuriko karibu na Woolwich, lililozinduliwa rasmi mwaka 1984, baada ya mafuriko ya mwaka 1953 kuua watu zaidi ya 300 mashariki mwa Uingereza.

Mama yangu anakuja kunitembelea naye ana maumivu ya magoti. Je, ataweza kupanda boti? (Msomaji, London)

Ataweza, na tafadhali mfikishie shikamoo yetu. Magati ya boti za abiria huelea, kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja na maji. Maji yakiwa yamekupwa, daraja la kushukia gatini huwa na mteremko mkali. Yakiwa yamejaa, huwa karibu tambarare, na hiyo ndiyo saa ya kumpeleka mama. Pandeni Westminster mshukie Greenwich, ambako meli ya kale ya Cutty Sark, iliyojengwa mwaka 1869 kwa ajili ya kusafirisha chai kutoka China, iko hatua chache tu kutoka gatini. Kituo cha kale cha elimu ya nyota, chenye mstari wa longitudo sifuri, kiko juu ya kilima, nacho mwaweza kukiacha bila majuto. Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki wakati wa kupanda na wa kushuka, lakini ni ghali kuliko ya basi.

Mbona maji ni ya rangi ya udongo? Ni uchafu? (Msomaji, Nairobi)

Rangi hiyo hutokana na tope laini linalokorogwa na maji yanayokwenda na kurudi bila kutulia. Uchafu nao una historia yake. Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa mto ulizidi kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa, na hapo ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa idhini ya kujenga mtandao wa mabomba ya majitaka ambao unatumika hadi leo. Mwaka 1957 mto ulitangazwa kuwa umekufa kibiolojia. Sasa una aina zaidi ya 100 za samaki, na sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, huonekana humo. Hata hivyo, mvua kubwa zilipozidi uwezo wa mabomba hayo, majitaka yaliendelea kumwagika mtoni, na ndiyo sababu likachimbwa handaki jipya la kilomita 25, lililounganishwa lote mwaka 2025.

Naruhusiwa kushuka ufukweni kuokota vitu vya kale, au kuogelea? (Msomaji, Muscat)

Kutafuta vitu, hata kwa macho tu bila kuchimba, kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Bandari. Kuogelea katikati ya jiji bila kibali ni marufuku, na mkondo ulivyo mkali, nisingekushauri hata kidogo.

Nitaonaje lile daraja likifunguka? (Msomaji, Arusha)

Linalofunguka ni Tower Bridge, la mwaka 1894. London Bridge ni lingine, lililo jirani upande wa magharibi, nalo halifunguki. Ratiba ya kufungua Tower Bridge hutangazwa mapema kwenye tovuti ya daraja lenyewe, na kutazama ni bure. Simama kwenye ukingo wa kusini, kando ya mto, wala si juu ya daraja, kwa sababu walioko juu huzuiwa nyuma ya mageti na huona lami tu ikiinuka mbele yao.