Nilibishana na daktari mpya kuhusu dawa ya wasiwasi niliyoitumia miaka tisa

Mleta mada, pole sana mdogo wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Miaka sita unatumia dawa ya wasiwasi ya alprazolamu, nusu miligramu asubuhi na nusu usiku, daktari wako amehamishwa, na huyu mpya amekwambia kliniki ijayo hakuandikii tena. Unauliza utafute daktari mwingine au uwe unanunua mwenyewe duka la dawa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu yote mawili niliyawaza mwaka 2022, na kununua nilinunua kabisa.

Kabla ya yote, usiache ghafla. Hata kama una hasira naye, hata kama unataka kumwonyesha kuwa unaweza. Dawa za kundi hili, yaani diazepamu, alprazolamu, lorazepamu na ndugu zake, ukizitumia muda mrefu halafu ukazikata siku moja, unaweza kuanguka kama mtu mwenye kifafa hata kama hujawahi kuanguka maishani. Vihesabu vidonge ulivyobaki navyo. Kama havifiki siku ya kliniki, rudi hospitali mapema, usisubiri viishe.

Mimi ni mama wa miaka 49, nauza vitenge Kariakoo. Desemba 2011 nilikuwa naishi Kigogo. Waliokuwepo Dar wanaikumbuka mvua ile. Maji ya mto Msimbazi yaliingia ndani usiku, tukawapandisha watoto juu ya kabati, mimi nimesimama maji yamenifika kifuani nimeshikilia mlango usifunguke. Watoto wote walipona, namshukuru Mungu. Tukahamia Tabata, mahali palipoinuka, lakini tangu hapo mvua ikianza kupiga bati tu moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haishuki, naona hii sasa ndiyo roho inatoka. Baadaye ikawa hata bila mvua. Ndani ya daladala iliyojaa. Msibani. Nilipimwa moyo, presha, tezi, vyote vizuri. Nikaombewa, nikanywa mitishamba. Mwaka 2013 ndipo nikafika kwa daktari wa magonjwa ya akili, mzee mmoja mtaratibu, akanianzishia diazepamu miligramu 5 asubuhi na 5 usiku. Nilipata usingizi, nikarudi dukani. Kwa miaka tisa sikuongeza hata kidonge kimoja. Nakutajia hilo kwa sababu ndilo lililonipa kiburi cha kubishana.

Mzee akastaafu. Machi 2022 naingia chumba kilekile, nakuta kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," akanikaribisha kiti. Akafungua faili langu, akawa anageuza kurasa kimya, mbele nyuma, mbele nyuma. Kisha akasema, "Mama, hii dawa unatumia tangu 2013? Wewe tayari umeshakuwa tegemezi." Yeye alisema tegemezi, mimi masikioni nikasikia teja. Nawajua mateja. Nawaona kila siku Kariakoo, amesimama kijana, kiuno kimekunjika, kichwa kinakaribia kugusa chini, na mama yake yuko nyumbani analia. Mimi ambaye hata bia sijawahi kuonja! Nilihisi uso unawaka.

Nikamwuliza, "Daktari, mbona mwenzako miaka tisa hakuona tatizo?" Akajibu kila daktari ana uamuzi wake. Mpango wake ulikuwa huu: nusu ya dozi kuanzia kesho yake, baada ya wiki mbili niache kabisa, na siku hiyohiyo nianze dawa nyingine ya sonona na wasiwasi iitwayo sertralini. Nilichukua karatasi nikatoka bila kuaga vizuri.

Pale nje ndipo nilipofanya ulichokuwa unakiwaza. Niliingia duka la dawa la tatu njiani, nikaomba diazepamu, nikapewa. Hakuna cheti, hakuna swali, pesa na vidonge. Usiku nikaziangalia zile pakiti mezani nikaogopa. Miaka yote ile kulikuwa na mtu aliyekuwa anahesabu vidonge vyangu pamoja nami na kunipima presha. Sasa ningebaki peke yangu na muuza dawa ambaye hajui kama nyumbani nina tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya mgongo au hapana. Dawa hizi zikikutana na tramadoli au pombe zinaweza kuzima pumzi ya mtu usingizini. Nikazifungia kabatini, nikaamua nifuate mpango wa yule kijana.

Siku ya nne arosto ikaanza, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, na neno hilo natumia makusudi kwa sababu sina lingine. Jirani alikuwa anatwanga, kila pigo la mchi nalisikia ndani ya meno. Dukani nilimkaribisha mteja chai, kikombe kikagonga sahani yake mpaka yule mama akanishika mkono akaniuliza nina nini. Ngozi inatembea. Usiku wa kwanza bila usingizi, wa pili, wa tatu. Na ulikuwa mwezi wa Aprili, masika imepamba moto, bati linapigwa usiku kucha. Siku ya tisa mwanangu alinikuta nimekaa sakafuni chooni nimeshikilia mlango. Akanipeleka hospitali, daktari wa zamu akanirudisha kwenye miligramu 10.

Nilipotulia nilitaka kuhama daktari moja kwa moja. Mwanangu ndiye aliyenizuia, akasema, "Mama, kwanza tujue alikosea wapi." Tukakaa tukasoma. Mdogo wangu, sikufurahia nilichokiona, kwa sababu kijana hakuwa amebuni jambo. Huko Uingereza tangu 1988 madaktari waliambiwa dawa hizi ziandikwe kwa wiki 2 hadi 4 tu, kwa wasiwasi mkali. Marekani mwaka 2020 mamlaka yao ya dawa iliongeza onyo la juu kabisa kuwa mwili unaweza kuzizoea hata mtu akizimeza kama alivyoandikiwa. Kama alivyoandikiwa! Yaani mimi kabisa. Na kuna mambo nilikuwa nayapuuza. Nilikuwa nasahau madeni ya wateja, mtu anakuja kulipa simkumbuki. Mwaka 2020 niliwekwa omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo, nikawa nasinzia dukani mchana, nikasema ni umri. Kumbe omeprazoli inachelewesha ini kuiondoa diazepamu mwilini, inarundikana. Mzee hakuniuliza hata siku moja nakunywa nini kingine. Kijana aliniuliza siku ya kwanza, na mimi kwa hasira nikamjibu "hakuna".

Lakini alipokosea nilipaona pia. Yuko profesa mmoja Mwingereza, Heather Ashton wa Newcastle, aliyeendesha kliniki ya watu wa namna yetu kuanzia 1982 hadi 1994, na alichosisitiza ni kushuka polepole, kwa miezi, tena mgonjwa mwenyewe ndiye anayeshika usukani wa mwendo. Na hiyo sertralini siku za mwanzo inaweza kuuongeza wasiwasi kabla haijaupunguza, faida yake unaiona baada ya wiki kadhaa. Sasa unamnyang'anya mtu nusu ya dawa inayomtuliza wiki ileile unayompa inayomtikisa, tena katikati ya masika, mtu ambaye ugonjwa wake ulianza na mafuriko. Hapo ndipo hoja yangu ilipokuwa. Sikuwa napinga kupunguza tena. Nilikuwa napinga mwendo, na nilikuwa napinga kubadilisha vitu viwili kwa mpigo.

Mwezi wa tano nikarudi kwake na mwanangu na daftari. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika siku zote tisa, saa ya kumeza, saa nilizolala, mapigo ya moyo. Nilimwomba anipe dakika tano nisome kabla hajasema. Akaweka kalamu chini. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, samahani. Niliona miaka tisa nikashtuka, nikakimbilia." Nakiri machozi yalinitoka, maana nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikamwambia na mimi nilimdanganya kuhusu omeprazoli. Nikamwambia na lile neno lilivyonichoma.

Alilifafanua vizuri, na naomba ulishike. Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, uteja ni lingine. Mimi sikuwa natafuta kulewa, sikuwa naongeza dozi, sikuwa naiba. Mwili umezoea tu, na ukiunyima ghafla unalalamika. Tena hata mateja wenyewe, akasema, tangu kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini ili waache, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 hakuna anayetibiwa pale kwa kukatiwa ndani ya wiki mbili, wanapewa kila siku na kushushwa hatua kwa hatua wakiwa tayari. "Basi na mimi sikupaswa kukufanyia wewe hivyo," akamalizia. Kuanzia siku hiyo nikamwona ni daktari wangu.

Tulikubaliana hivi. Sertralini kwanza, kwa dozi ndogo, diazepamu isiguswe mpaka hiyo ikolee. Omeprazoli ibadilishwe. Kushuka kuanze mwezi wa nane, na kila mwaka kuanzia Machi hadi Mei, masika, dozi isishuke hata chembe. Hilo la masika nililiomba mimi, hakulipata kitabuni, lakini aliliandika kwenye faili kwa mkono wake.

Nilianza kwa kutoa robo ya kidonge cha miligramu 5. Unakiweka kwenye kisosi, wembe mpya, unafuata ule mstari wa katikati, kisha nusu unaikata tena. Vumbi linalobaki usililambe, unaharibu hesabu. Na kuna kitu hakuna aliyenitahadharisha. Robo ni ileile, lakini si ileile. Ukiwa kwenye 10, robo ya kidonge ni sehemu moja ya nane ya dozi yako, mwili unastahimili. Ukifika 5, robo hiyohiyo ni moja ya nne. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo unavyotakiwa kukata kidogo zaidi na kukaa muda mrefu zaidi, wakati mtu moyoni anaona amekaribia mwisho anataka kukimbia. Mimi nilikimbia mara mbili, na mara zote mbili nikarudi hatua moja juu. Nilipofika 5 daktari alinihamishia vidonge vya miligramu 2 ili vipande viwe vidogo. Mvua za masika za 2024, mnazikumbuka zilivyokuwa, nilizipitia kwenye miligramu 4, sikugusa dozi. Niliogopa, ndiyo, lakini nilikuwa kitandani, sikuwa nyuma ya mlango wa chooni.

Sasa kwako. Usinakili hatua zangu, maana dawa zetu si moja. Diazepamu inakaa mwilini siku kadhaa, alprazolamu nguvu yake inaisha ndani ya saa chache, ndiyo maana wengi wanaotumia yako wanaanza kutetemeka kabla hata ya dozi inayofuata. Wako madaktari wanaomhamisha mtu taratibu kutoka alprazolamu kwenda diazepamu kwanza, halafu ndipo wanashusha. Mwulize hilo. Usijihamishe mwenyewe, kwa sababu miligramu za dawa hizi hazilingani. Nusu miligramu ya alprazolamu ni nzito kuliko inavyoonekana, inahesabiwa karibu sawa na miligramu 10 za diazepamu.

Ukirudi kwake usiingie na swali la "utaniandikia au hutaniandikia". Mwulize atashusha kwa asilimia ngapi na kila baada ya wiki ngapi. Mwongozo waliotoa Wamarekani mwaka 2025 unaanzia asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na daktari anayefuatilia mambo ataujua. Mwulize tunafanya nini nikizidiwa katikati, nani nitampigia. Nenda na mtu wako wa karibu, peke yako kwa hasira utasahau nusu ya maneno. Mtajie kila unachokunywa, na mitishamba, na pombe kama ipo, usifanye nilivyofanya. Kama baada ya hayo yote bado anasema leo mwisho, hapo nakuunga mkono kutafuta mwingine, lakini omba nakala ya faili na barua ya rufaa. Idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili ipo, nenda ukiwa na karatasi mkononi. Ukienda mikono mitupu utaanza upya kujieleza, na wakati huo vidonge vinaisha.

Wachangiaji wawili juu wamekwambia mtu lazima afike sifuri. Mimi sikubaliani nao. Wapo wanaobaki kwenye dozi ndogo kwa makubaliano na daktari wao, wanafuatiliwa, wanaishi. Huo uamuzi mtaufanya wewe na yeye mkiwa mmetulia, si kwa kuogopa jina la teja.

Mimi sasa niko nusu ya kidonge cha miligramu 2, usiku tu. Daktari anataka tuiondoe kabla ya Machi. Mimi nasema mvua zipite kwanza. Nina kliniki Alhamisi ijayo saa tatu, daftari nimeshaliweka kwenye mkoba.